Acheni Kuchinja Padi za Zamani

Leo nina jambo moja na sitalizungusha. Kila nikiona picha ya sanduku jipya la kuchezea gemu za zamani, limepakwa rangi vizuri, lina kijiti chenye kichwa cha mviringo chekundu na vitufe sita au nane vikubwa kama vile vya mashine za sarafu, macho yangu hayakai juu ya sanduku. Natafuta picha ya tumbo lake. Na mara nyingi nikiipata naudhika. Humo ndani kuna padi halisi ya Nintendo au Sega, imevuliwa ganda, imekwanguliwa, imetobolewa, imemwagiwa gundi ya moto juu na chini, na nyaya zimezagaa humo kama matumbo ya kuku. Padi iliyokuwa nzima! Padi ambayo asubuhi ya siku hiyo ilikuwa inafanya kazi.

(Nasema PADI, jamani, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili unapocheza gemu. Nimeshachekwa vya kutosha na dada zangu kwa neno hili.)

Kwa msomaji ambaye hajui hasa nazungumzia nini, ngoja nieleze haraka. Mashine za gemu za nyumbani za miaka ya 1980 na 1990, kama Famicom ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 na ndugu yake NES iliyoingia Marekani mwaka 1985, au Mega Drive ya Sega ya mwaka 1988, zilikuja na padi ndogo za kubonyeza kwa vidole gumba. Lakini gemu nyingi zilizochezwa humo zilizaliwa kwingine, kwenye kumbi za mashine za sarafu, ambako mchezaji alisimama mbele ya kabati, akashika kijiti kwa mkono wa kushoto na kupiga vitufe kwa mkono wa kulia. Street Fighter II ya Capcom, mwaka 1991, ilikuwa na vitufe sita mbele ya mchezaji. Ilipofika nyumbani kwenye Mega Drive mwaka 1993, padi ya Sega ya vitufe vitatu haikutosha kabisa, ikabidi kampuni itoe padi nyingine ya vitufe sita. Kwa hiyo watu wanaozipenda mashine hizi wana sababu ya kweli ya kujitengenezea sanduku lenye kijiti. Gumba halichoki. Mkono wote unafanya kazi. Na ukishazoea sauti ya ile swichi ndogo ya kijiti ikisema "tik, tik", ile padi ya mpira unaiona kama kutafuna ugali uliolala.

Sina ugomvi na masanduku hayo. Nayapenda. Ninalo moja nililolitengeneza kwa mbao za mninga, na fundi seremala wa Keko aliyenitobolea matundu aliniuliza mara tatu kama nina hakika sitaki meza badala yake.

Ugomvi wangu ni kwa wanaochinja.

Tuangalie padi ya NES ina nini ndani, maana hapa ndipo ujinga wenyewe unapoonekana. Ukifungua skrubu za nyuma unakuta ganda la plastiki, vipande vya mpira vyenye vidonge vya kaboni chini yake, bodi moja ndogo, waya, na chipu MOJA. Moja tu. Chipu hiyo ni ya aina ya 4021, yenye miguu 16, na haikubuniwa na Nintendo wala haikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Inatoka katika ukoo wa chipu za 4000 ambao kampuni ya RCA ya Marekani iliuanzisha mwaka 1968, kabla mtu yeyote hajaweka sarafu kwenye mashine ya gemu za video. Kazi yake ni rahisi mno: inapiga picha ya swichi nane kwa mpigo mmoja, kisha inazisoma moja baada ya nyingine kupitia waya mmoja. Mashine inatuma amri ya "piga picha", chipu inakamata hali ya vitufe vyote, halafu kila mashine inapogonga mlango chipu inajibu: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Nane. Basi. Kwa kawaida gemu inafanya hivyo kila fremu, mara 60 kwa sekunde kwenye mashine za Marekani na Japani.

Sasa mchinjaji anafanya nini? Anachukua padi nzima, anatupa ganda, anatupa mipira, anakata bodi ili ienee, anachoma nyaya kwenye miguu ya chipu au kwenye njia za shaba baada ya kukwangua rangi ya kijani na kaboni. Kaboni yenyewe haishiki risasi, kwa hiyo anakwangua zaidi, anaharibu njia moja, anaruka na waya, anaweka gundi. Mwisho wa yote, katika padi ile kitu pekee anachokitumia ni chipu ya 4021 na kipande cha waya chenye plagi.

Na chipu ya 4021 inauzwa peke yake! Texas Instruments wanaitengeneza hadi leo. Bei yake haifiki dola moja ukinunua mojamoja. Hebu niambie, ndugu yangu, wewe unayenunua kijiti cha Sanwa au cha Seimitsu kutoka Japani kwa dola ishirini na kitu, na vitufe vinane vya milimita 30, kila kimoja kwa bei yake, halafu ukalipia akriliki na rangi na usafiri, umekwama kweli kwenye chipu ya senti? Umechinja ng'ombe ili upate mkia, na mkia ulikuwa unauzwa dukani.

Najua utetezi. Nimeusikia wote, na ngoja tuupitie, maana baadhi yake una uzito.

Utetezi wa kwanza: padi ni nyingi. Nintendo iliuza NES na Famicom karibu milioni 62 duniani, Super Nintendo milioni 49, na nyingi zilitoka na padi mbili ndani ya boksi. Kweli. Namba ni kubwa na sikatai. Lakini namba hiyo ni ya zilizouzwa. Haielezi zilizobaki. Toa zilizotupwa jalalani, zilizokatwa waya na watoto, zilizoliwa na panya, zilizokanyagwa. Famicom iliacha kutengenezwa mwaka 2003, na mwaka 2007 Nintendo yenyewe iliacha kuzipokea kwa matengenezo, sababu ikiwa uhaba wa vipuri. Kampuni iliyozitengeneza ilikosa vipuri, wewe unatuambia zipo tele? Hakuna kiwanda kitakachoongeza hata moja. Kila inayokatwa ni moja pungufu, na kuna mtu mahali fulani mwenye mashine nzima asiye na padi.

Tena huo ni utetezi wa NES. Wachinjaji hawaishii kwa NES. Wanakata padi za PC Engine. Wanakata padi za Saturn ya Japani, ambazo wachezaji wa gemu za mapigano wanazitafuta kwa udi na uvumba kwa sababu wengi wao wanaihesabu padi ile kuwa bora kupita zote za aina yake. Unaichukua padi inayosifiwa hivyo, unaitoboa, ili upate kile ambacho chipu mbili za kawaida za 74HC153 zingekupa! Hapo mimi nakosa maneno. Na kwa Famicom hali ni mbaya zaidi, kwa sababu padi zake za asili hazina plagi, zimefungwa moja kwa moja kwenye mashine. Ukiikata padi umeijeruhi mashine. Na yote hayo wakati mbele ya mashine ile ile kuna tundu la miguu 15 lililowekwa na Nintendo wenyewe kwa ajili ya vifaa vya nje, vikiwemo vijiti. Mlango umeachwa wazi, wewe unabomoa ukuta.

Utetezi wa pili: "Ni mali yangu, nimeinunua kwa jasho langu." Ndiyo, ni yako. Sijasema uitwe polisi. Nasema ni kazi mbovu, na mwenye mali ana haki ya kuambiwa kwamba kazi yake ni mbovu, kama vile mtu aliyepaka rangi ya mafuta juu ya mlango wa Zanzibar wenye nakshi anavyoambiwa, hata kama mlango ni wake na nyumba ni yake.

Utetezi wa tatu ndio unaonigusa, na ndio uliofanya nikae kuandika: "Mimi sijui elektroniki. Padi imeshatengenezwa na wataalamu, mimi naunganisha nyaya tu." Huyu simcheki. Huyu amenyimwa kitu. Amefundishwa kwamba ndani ya kila kifaa kuna uchawi wa wazungu au wa Wajapani, na kwamba kazi yake yeye ni kununua, na akithubutu sana, kuunganisha. Nataka nimwonyeshe kwamba hakuna uchawi, na nitatumia aya mbili tatu, kwa hiyo asiyependa nyaya aruke.

Chukua 4021. Mguu wa 16 unapewa volti 5 kutoka kwenye mashine, mguu wa 8 unakwenda hasi. Mguu wa 9 unapokea amri ya kupiga picha, wa 10 unapokea mgongo, wa 3 unatoa jibu. Hizo ndizo nyaya tano za padi ya NES, hakuna ya sita. Vitufe vinakaa hivi: A mguu wa 1, B mguu wa 15, Select 14, Start 13, juu 4, chini 5, kushoto 6, kulia 7. Kila mguu wa kitufe unapata rezista ya kilo-ohm 10 kwenda volti 5 ili utulie kitufe kisipobonyezwa, na swichi yenyewe inauunganisha na hasi kinapobonyezwa. Mguu wa 11, usio na kazi hapa, usiuache ukielea, upeleke hasi. Umemaliza. Hiyo ndiyo siri ya Nintendo. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyewahi kushika chuma cha kulehemu anaimaliza jioni moja.

Unataka Super Nintendo? Vitufe vimekuwa 12, na mashine inagonga mara 16. Weka 4021 MBILI. Jibu la ya pili, mguu wa 3, liingie mguu wa 11 wa ya kwanza, na miguu minne inayobaki bila vitufe iache kwenye volti 5 kupitia rezista. Mpangilio unabadilika (unaanza na B, Y, Select, Start, kisha pande nne, kisha A, X, L, R) lakini akili ni ile ile. Mega Drive ya vitufe vitatu inataka chipu moja ya 74HC157, ambayo kazi yake ni kubadilisha njia: mashine ikipandisha waya mmoja inasoma B na C, ikiushusha inasoma A na Start. Ile ya vitufe sita ina ujanja zaidi wa kuhesabu, sitaki kudanganya, hiyo inahitaji mtu ajipange.

Na kuna mashine ambazo hazina hata chipu. Atari 2600 ya mwaka 1977, Commodore 64, Master System: kila swichi ina waya wake unaokwenda moja kwa moja. Neo Geo ya SNK ya mwaka 1990 vivyo hivyo, plagi ya miguu 15, kila kitufe na waya wake, na ile yenyewe ilikuja na kijiti cha mashine ya sarafu ndani ya boksi, kwa sababu SNK walielewa mapema kwamba gemu ya kijiti inataka kijiti. Ndiyo maana mafundi wengi leo wanajenga sanduku moja lenye plagi ya mtindo wa Neo Geo, kisha wanatengeneza kiunganishi kidogo kwa kila mashine. Sanduku moja, viunganishi vitano, hakuna padi hata moja iliyokufa.

Angalizo kwa waliokua na zile mashine za kaseti za Kichina za kuchomeka kwenye televisheni, ambazo wengi wetu tulizijua kabla ya kusikia jina la Famicom. Hizo ni nakala za Famicom na lugha yake ni ile ile ya 4021. Lakini nyingi zina plagi ya miguu 9 inayofanana kabisa na ya Sega au Atari, na nyaya zake ndani ni tofauti. Usichomeke kwa kubahatisha. Chukua mita, pima kila mguu, andika kwenye karatasi.

Waya je? Wanasema, "Lakini plagi ya Nintendo haiuzwi, ni lazima nikate padi." Zipo nyaya za kurefushia, zinatengenezwa mpya hadi leo, za NES, za Super Nintendo, za Sega. Kata hiyo. Plagi unayo, waya mrefu unao, na ukikosea umepoteza kamba.

Nitoe haki inapostahili. Kuna mashine ambazo njia hii haifiki. PlayStation ya mwaka 1994 inazungumza kwa itifaki inayotaka kujibiwa kwa wakati, Nintendo 64 ya mwaka 1996 inatuma na kupokea kila kitu kwenye waya mmoja, na Dreamcast ya mwaka 1998 ndiyo ngumu kuliko zote. Kwa hizo chipu za senti hazitoshi. Zamani kidogo, mtu aliyekata padi ya Dreamcast alikuwa na sababu niliyoweza kuielewa, hata kama sikuipenda. Leo hata sababu hiyo imechakaa, kwa kuwa vibodi vya maikrokontrola kama Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 4, vinaweza kufundishwa lugha hizo, na watu wameshaandika programu na kuziachia bure. Na padi iliyokufa kweli, ganda limepasuka, mipira imeoza, itumie tu. Maiti haichinjwi.

Sasa nije kwenye ninachokiona kuwa jambo zito zaidi ya padi zenyewe.

Sanduku lenye padi iliyochinjwa ndani halitengenezeki. Waya mmoja ukichomoka chini ya ile gundi, nani ataufuata? Aliyejenga mwenyewe baada ya miaka miwili hakumbuki. Fundi redio wa mtaani ukimpelekea ataangalia, atacheka, atakurudishia. Lakini sanduku lenye 4021 kwenye soketi, rezista zake nane zimepangwa mstari, nyaya zina rangi, na mchoro umebandikwa ndani ya kifuniko, hilo fundi yeyote mwenye akili atalisoma hata kama hajawahi kuona NES maishani mwake. Chipu ikiungua anaichomoa kwa bisibisi, anapachika nyingine.

Na si wote wanaotumia masanduku haya wanacheza kwa mbwembwe. Wapo watu ambao vidole gumba vyao havikunji, kwa ugonjwa wa viungo au ajali. Wapo wenye mkono mmoja. Kwa mtu huyo vitufe vikubwa vya milimita 30, unavyoweza kuvipanga popote, hata kimoja mezani na kingine chini ya goti, ndivyo vinavyomwingiza kwenye mchezo au kumwacha nje akitazama. Nintendo waliliona hilo mwaka 1989 walipotoa kidhibiti cha NES cha kuvaa kifuani, kinachoendeshwa kwa kidevu na kwa kuvuta na kupuliza pumzi. Microsoft wakalirudia mwaka 2018 kwa kifaa chenye matundu mengi ya kuchomeka swichi yoyote unayotaka. Miaka 29 katikati! Katika miaka hiyo waliobeba mzigo walikuwa hasa mafundi wa mezani, kaka wa mtu, mjomba wa mtu, mwenye chuma cha kulehemu na moyo. Mtu anayetegemea sanduku kama hilo hawezi kuishi na gundi ya moto. Anahitaji kitu ambacho kikiharibika Jumamosi kinatengenezwa Jumapili na mtu mwingine kabisa, kwa mchoro.

Kazi yangu ya uandishi imenifundisha kuuliza swali moja kila mahali: nani anafaidika? Hapa jibu halijifichi. Wapo wanaouza masanduku "ya kipekee" kwa bei ya kutisha, na kinachowapa bei ni kwamba mnunuzi hajui kuna nini ndani. Mnunuzi akijua kwamba moyo wa lile sanduku ni chipu ya senti na swichi kumi na mbili, ataanza kuuliza maswali kuhusu mbao, rangi na ubora wa kulehemu, yaani kuhusu kazi halisi ya fundi. Fundi mzuri hataogopa maswali hayo, atayafurahia. Anayeogopa ni yule mwenye gundi.

Kuna na wale wa sifa, ambao sijui niwaweke wapi. Hao wananunua NES Advantage, kile kijiti kikubwa cha Nintendo cha mwaka 1987, kizima kabisa, kile kile kilichoonekana kwenye filamu ya Ghostbusters II mwaka 1989 kikiongoza Sanamu ya Uhuru kutembea mitaani New York, wanakitoa utumbo wote na kupachika kijiti cha Sanwa ili wapige picha. Ukiwauliza mbona hamkujenga sanduku lenu, wanasema ganda lile lina "roho ya zamani". Roho umeitoa mwenyewe, ndugu, imo kwenye ndoo ya taka pale kando yako.

Na hao wa vitufe vitupu, wanaojenga sanduku lisilo na kijiti, pande zote nne ni vitufe, nawaunga mkono, lakini wakumbuke kwamba padi ya asili haikuruhusu kubonyeza kushoto na kulia kwa wakati mmoja, na gemu nyingi ziliandikwa kwa kuamini hivyo. Zelda II inavurugika vibaya ukifanya hivyo. Weka kizuizi kwenye sakiti kabla hujaanza kumlaumu aliyeandika gemu.

Ninachotaka si kikubwa. Anayeuza sanduku la aina hii aweke picha ya tumbo lake pamoja na picha ya uso. Mkifungua na kukuta padi iliyokuwa nzima, msinunue, hata kama rangi yake ni nzuri vipi. Na anayejenga kwa mara ya kwanza aanze na NES, maana ndiyo rahisi, na aandike mchoro wake kwa mkono, aubandike ndani.

Mimi hapa mezani nina 4021 kumi kwenye mfuko wa plastiki. Rafiki yangu yeyote wa hapa Dar mwenye padi nzima mkononi na wembe kwenye mkono mwingine, aje. Aniachie padi, achukue chipu mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, na rezista nitampa bure.